Nilivyomfunza ng'ombe wa mathe kuteremsha maziwa bila yeye

Wakuu, sasa.

Naandika hii nikiwa Olenguruone, mvua imenifungia jikoni tangu saa nane na network ni ile ya kuja na kwenda. Mimi humu ni msomaji tu, napitia nyuzi za watu, nacheka, natoka. Leo nina yangu.

Sijaongeza chumvi. Mahali nitakosea, jueni nimesahau, sio kwamba nawapiga story za jaba.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwalimu wa junior school huko Nakuru, naishi Free Area na mke wangu na watoto wawili. Kwetu ndio huku juu. Mzee alituacha kitambo, kwa hivyo nyumbani anaishi mathe, mamangu, peke yake. Bro yangu mkubwa, Wesley, ana boma yake ng'ambo ya mto, dakika kumi kwa miguu.

Halafu kuna Stella.

Stella ni ng'ombe wa mathe. Mweusi, ana doa jeupe kwa paji la uso, na ana madharau. Tangu azae mara ya kwanza, hakuna mkono mwingine ulikuwa umegusa hicho kiwele. Mathe alikuwa anakamua asubuhi na saa kumi jioni, kila siku ya Mungu. Kukiwa na harusi Kericho, anaondoka kabla keki ikatwe. Kukiwa na matanga, analia haraka haraka anarudi. Sisi tulikuwa tunamcheka, tunasema mum ameolewa na ng'ombe.

Mwaka jana, mwisho wa Oktoba, mathe akapigwa na stroke.

Ilimshika upande wa kulia. Mkono, mguu, na mdomo ukaenda upande. Tukamkimbiza Nakuru, akalazwa, na baadaye akaja kukaa kwangu ndio awe karibu na mtu wa physio. Neno la kwanza kutoka kwa hiyo mdomo, na lilitoka kwa shida sana, halikuwa jina yangu wala la Wesley.

Alisema, "Stella?"

Nikamwambia, "Anakamuliwa vizuri, mum. Usijali."

Huo ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba huku nyumbani kulikuwa kumeharibika. Jirani yetu Mama Sharon, mama mpole sana na mkamuaji mzuri, alikuwa amejaribu siku tatu mfululizo. Stella hapigi mateke, hasumbui. Anasimama tu anacheua, anakuangalia, na maziwa haitoki. Nusu kikombe, basi. Kiwele kimejaa, kimekuwa kigumu, na yeye ameshikilia.

Wale hamjafuga, wacha niwaeleze. Ng'ombe sio mtungi wa maji useme ukifungua mfereji itatoka. Maziwa iko ndani lakini mwili wake lazima uiteremshe, na mwili unateremsha ukipata ile ishara umezoea. Wengine ishara yao ni ndama. Wengine ni mtu. Ishara ikikosa, unaweza kuvuta chuchu mpaka vidole vife ganzi na hupati kitu. Na usipomkamua siku kadhaa, kiwele kinaweza kuoza au akauke kabisa.

Wesley akasema auzwe kwa mchinjaji akiwa bado ana mwili. Huyo bro yangu kila shida yake dawa ni kuuza.

Daktari wa mifugo akaja, akamdunga ile sindano ya kuteremsha maziwa. Ikateremka. Lakini akatuonya, mkimzoesha hii, kesho hatateremsha bila hii. Akaenda zake.

Hivyo ndivyo mambo yalikuwa shule zilipofungwa Novemba. Nikapanda huku na begi moja. Nilikuwa na miezi miwili ya holiday na kichwa kimejaa notes za college.

Nitawapa hiyo notes kidogo, vumilieni. Kuna Mrusi mmoja wa zamani aliyekuwa anafanya mambo na mbwa. Mbwa akiona nyama, mate inatoka. Hiyo hakuna mtu alimfunza. Sasa jamaa akawa anapiga kengele kabla ya nyama, kengele, nyama, kengele, nyama. Mwishowe akipiga kengele peke yake, bila nyama, mate inatoka. Mbwa hajaamua. Mwili wake ndio umejifunza.

Hiyo tulikariri kwa mtihani tukasahau. Lakini nikiwa nimesimama kwa hilo zizi, nikajua hii ndio ile. Mathe alikuwa amemfunza Stella miaka yote bila kujua anafundisha. Kazi yangu ilikuwa kujua kengele ya Stella ni gani.

Na hapa ndio mahali nataka mshike. Kulikuwa na njia rahisi. Ningempigia mathe simu, nimuulize, mum, huwa unamfanyia nini? Dakika mbili tu. Lakini ningemuuliza vipi na tumemwambia kila siku anakamuliwa vizuri? Wesley alisema tusimshtue, pressure itapanda. Mimi nikakubali. Kusema ukweli nilikubali haraka sana, kwa sababu nilitaka kutatua hiyo kitu mwenyewe.

Nikanunua exercise book. Nikaanza.

Jaribio la kwanza lilikuwa sauti. Nilikuwa na voice notes za mathe za zamani kwa simu, kabla ya stroke. Nyingi ni za kunigombanisha. Nikaweka simu juu ya ukuta, nikaketi kwa kigoda, nikaplay ile ya kusema "Wewe Kibet, hata salamu imekushinda? Mimi nitakufa mjue kupitia kwa majirani?" Stella akasimamisha masikio. Akageuka akanitazama. Maziwa, hakuna.

Jaribio la pili, kitambaa chake cha kichwa. Hakuna.

La tatu ilikuwa dustcoat. Mathe alikuwa mpishi wa shule kabla ya kustaafu na dustcoat yake ya bluu ndio nguo yake ya zizi. Mathe ni mfupi. Mimi ni mrefu. Ile kitu ilinifika juu ya magoti, mikono ikaishia kwa viwiko, na nyuma ikakataa kufunga. Mama Sharon akaja na ndoo akanipata hivyo. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

"Ara, leo tumepata mama mpya!"

Nikamwambia acha masihara, lete maji ya moto. Nikaketi, nikaosha kiwele, nikashika.

Ilikuja, wakuu.

Sio yote, lakini ilikuja ile ya kupiga kelele kwa ndoo. Mama Sharon akaacha kucheka. Mimi nikabaki nimeinama hapo na furaha ya ajabu, mtu mzima na digrii, nimevaa nguo ya mamangu.

Nikakamua na dustcoat wiki nzima na ikawa inaongezeka. Halafu siku moja nikateleza, nikaanguka kwa mbolea, mzima mzima. Mama Sharon kwa roho safi akaichukua akaifua na sabuni ya unga, akaianika, ikarudi inanukia kama ya dukani. Kesho yake Stella akashikilia. Dustcoat ni ile ile, rangi ni ile ile, lakini tone hakuna.

Hapo ndio niliruka. Kumbe haikuwa nguo. Ilikuwa harufu.

Mathe hutengeneza mursik, yale maziwa lala ya kibuyu. Kibuyu kinasafishwa ndani na mkaa wa mti unaitwa senetwet, na moshi yake ina harufu yake, huwezi kosea. Mikono yake ilikuwa inanukia hiyo, nywele, nguo, kila kitu. Sisi watoto wake tuliizoea tukaacha kuisikia. Ng'ombe hakuacha.

Nikaitundika dustcoat jikoni juu ya moshi siku mbili. Stella akarudi.

Sasa kama ningekuwa mtu wa kawaida ningeishia hapo. Shida yangu, Januari ningerudi shule, na Mama Sharon alikuwa amesema wazi hatavaa dustcoat ya mtu mgonjwa, kwao si vizuri. Kwa hivyo Stella alihitaji kengele mpya, kitu mtu yeyote anaweza kutumia.

Nikachukua kopo tupu na kijiko. Kila siku kabla ya kuingia zizi, nagonga kopo mara tatu. Ta, ta, ta. Halafu naingia na dustcoat yenye moshi, nakamua. Kopo, moshi, maziwa. Asubuhi na jioni.

Baada ya wiki mbili nikaanza kumtoa mathe polepole. Kwanza nikavua dustcoat nikaiweka begani. Siku kadhaa. Halafu nikaitundika kwa nguzo karibu na kichwa cha Stella. Halafu nguzo ya mbali. Halafu mlangoni. Kila siku naandika kwa exercise book, dustcoat iko wapi, kopo, lita ngapi. Kabla ya Krismasi kidogo nikaiacha jikoni kabisa. Nikagonga kopo nikiwa na jaketi yangu ya kawaida.

Akateremsha yote.

Siku iliyofuata akagonga Mama Sharon. Akateremsha. Wesley aliitwa akaja kuona, akagonga yeye, tena kwa madharau, na maziwa ikatoka. Akasema tu "Hmm," akaenda. Kwa Wesley hiyo ni pongezi kubwa sana.

Sitawadanganya, niliringa. Mwezi huo huo tukampandisha Stella, akashika. Nikafua dustcoat na mikono yangu, nikaipiga pasi, nikaikunja kwa kabati ya mathe. Januari nikawaambia walimu wenzangu staffroom, nikachora mpaka diagram. Kuna mwenye aliniambia niiandike kama research.

(Edit: kuna mdau ameuliza mbona tusingeendelea na sindano tu. Nimeshasema, daktari alitukataza kuizoesha. Soma uzi boss.)

Turudi Free Area.

Mathe alikuwa anapona pole pole. Mguu ulirudi kiasi, akawa anavuta. Maneno yakawa yanatoka mazito. Mkono wa kulia ndio ulikuwa unamsumbua. Mtu wa physio alimpa mpira mdogo wa kufinya. Mathe akautumia siku mbili akauweka kando. Akachukua sponji ya kuoshea vyombo na beseni. Asubuhi anaketi kwa kigoda huko nyuma ya nyumba, anachovya sponji, anaifinya maji itoke, anachovya, anafinya. Saa kumi jioni anarudi tena. Mke wangu akaniambia huyu mama ana bidii sana. Nami nikitoka shule namkuta hapo, nasema "Good, mum, endelea hivyo hivyo," napita kwenda kusahihisha vitabu.

Niliona kigoda. Niliona saa kumi. Sikuuliza kitu.

Holiday ya Aprili nikamleta nyumbani. Tulipoanza kuona mashamba ya chai akawa ananyoosha vidole, anakunja, ananyoosha. Mama Sharon alikuwa amepika, Wesley akaja na watoto wake, tukaomba, tukala. Ikafika kama saa kumi kasorobo. Mathe akasimama.

"Leteni ndoo," akasema.

Tukaangaliana. Wesley akasema, "Mum, pumzika. Umefika tu leo."

"Nimepumzika miezi sita."

Akaenda kwa kabati, akatoa dustcoat. Akaishika akainusa kidogo, akaivaa. Ilikuwa safi kabisa, mistari ya pasi inaonekana. Nilijua hapo hapo, ile harufu ya moshi haipo. Ningeweza kusema. Nilijiambia labda atamkumbuka, ni mwenyewe.

Akavuta mguu mpaka zizini. Stella alikuwa amesimama. Mathe akamwita ile sauti yake ya kila siku, lakini haikuwa ile tena, ilitoka nzito, imepinda. Stella akarudi nyuma hatua mbili. Mathe akangoja. Akamgusa ubavu. Akaketi kwa kigoda, akaosha kiwele na ule mkono wa kulia, polepole, akashika chuchu.

Mkono ulikuwa unafanya kazi, wakuu. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Vidole vilikuwa vinafunga moja moja kutoka juu kwenda chini, vile inatakikana. Alikuwa ameurudisha.

Na hakuna kitu kilitoka.

Alikamua muda mrefu. Mimi, Wesley na Mama Sharon tumesimama hapo kwa mlango kama tuko kwa mochari. Jasho ikaanza kumtoka. Alibadilisha chuchu, akajaribu zote, akarudia. Stella anacheua tu, anaangalia mbele.

Mama Sharon hakuweza kuvumilia. Kwa huruma, sio ubaya, naapa hakuna ubaya kwa huyo mama, akachukua kopo kwa ukuta akaligonga.

Ta, ta, ta.

Maziwa ikateremka. Iliingia kwa ndoo na nguvu, kutoka kwa mkono wa mathe mwenyewe.

Mathe aliacha kukamua. Akaangalia ndoo. Akaangalia kopo. Akapangusa mkono kwa dustcoat.

"Nani alimfunza hii?"

Nikajibu. "Ni mimi, mum."

"Lini?"

"Disemba."

"Na mliniambia anakamuliwa vizuri tangu Oktoba."

Nikaanza kumueleza. Nikamwambia Stella alikuwa amekataa kila mtu, Wesley alitaka kumuuza, daktari alisema hivi, angekauka kabisa. Nilikuwa naongea haraka, sauti ile ya darasani. Aliniacha nimalize.

"Angekauka," akasema.

"Ndio mum. Ndio maana…"

"Ng'ombe akikauka anazaa tena, Kibet. Unampandisha unangoja. Maziwa inarudi." Alikuwa anatafuta maneno, moja moja. "Mimi ningengoja. Huko kwako nilikuwa nafinya sponji nikisema Stella hawezi kubali mtu mwingine, lazima nirudi. Siku nimechoka nasema, hawezi kubali mtu mwingine. Ungeniuliza."

Akainuka. Nikataka kumshika mkono akakataa. Akampa Mama Sharon kigoda, akasema "Malizeni, asibaki na maziwa," akatembea polepole mpaka kwa nyumba. Alilala mapema siku hiyo. Mimi nilikaa huko nje nikajiona mjinga wa mwisho.

Kesho yake nilienda kumwomba msamaha. Nikamwambia tunaweza kumrudisha, wiki tatu tu, tunatia moshi kwa nguo, yeye anakaa karibu Stella akilishwa, halafu tunatoa kopo. Nilikuwa na mpango wote kichwani. Aliniambia nimesikia, na akaniuliza kama nimekunywa chai.

Hakurudi zizini. Aprili hiyo yote, Mei, Juni. Mama Sharon anakamua, analeta maziwa, mathe anapokea anasema asante. Na physio akaacha. Mkono ukaanza kukaza tena. Mke wangu alimpelekea sponji mpya na mpira, viko hapo dirishani na vumbi yake.

Sasa tuongee kuhusu kile nilijifunza, halafu niwaachie.

Hizo theories ni za kweli. Nilizijaribu na mikono yangu na zilifanya kazi, hakuna mtu ataniambia ni za kitabu. Lakini kuna swali mwalimu yeyote anafunzwa kuuliza wiki ya kwanza college: huyu anayefanya hii bidii, anapata nini kwa hiyo bidii? Nililiuliza kuhusu ng'ombe, nikaliandikia mpaka exercise book. Mamangu alikuwa nyuma ya nyumba yangu miezi mitano anafinya sponji na sikumuuliza hata mara moja. Halafu nikaenda nikachukua kile kitu alikuwa anaponea, nikampa kila mtu kijiji mzima, nikangoja nipigiwe makofi.

Mwezi uliopita Stella alikuwa karibu kuachishwa kukamuliwa ndio ajiandae kuzaa. Mama Sharon anasema mathe alitoka nyumbani mwenyewe asubuhi moja, akavuta mguu mpaka hapo, akamwambia kuanzia leo asikamuliwe tena, mwacheni akauke.

Nilipofika holiday hii nikampata ameweka kibuyu na mkaa wa senetwet jikoni. Hakunieleza na mara hii sikujifanya najua. Nikaketi, nikamuuliza, "Mum, unataka tufanye nini Stella akizaa?"

Akageuza kibuyu.

"Mkae mbali," akasema. "Wote. Akizaa, mwezi mzima, nisione mtu kwa hiyo zizi."

"Na mkono ukichoka?"

"Utachoka. Nitapumzika nianze tena."

"Na akikataa?"

Alisukuma kuni kwa moto. Halafu akasema, "Akikataa nitajua ni yeye amekataa. Sio nyinyi."

Stella anazaa wiki chache zijazo. Mkono wa mathe leo hauwezi kufunga kikombe vizuri. Nimemwona asubuhi akijaribu, na sikusema good.

Wale mnafuga, niambieni, ng'ombe aliyesahau mtu anaweza kumkubali tena akizaa upya? Nipeni ukweli, sitaki kufarijiwa. Wale wa saikolojia, notes ninazo, leteni tu kile mmeona na macho yenu. Na kama kuna mtu anasoma hii na ana mzazi anapona hapo kwake, toka kwa simu kidogo, nenda umuulize anaharakisha kupona arudie nini. Mimi nasoma comments zenu hapa jikoni, mathe ameketi karibu na moto ananiuliza naandikia nani, na nimemwambia.